Kutoa nywele za kinena kwa nta nyumbani: shika ngozi kwanza, kuvuta kutafuata

Anayejaribu nta kwenye kinena kwa mara ya kwanza huogopa kuvuta. Kuvuta kwenyewe hakumalizi sekunde moja, na mara chache ndiko kunakoharibu kazi. Kinachoharibu ni nta yenye moto kupita kiasi, nywele fupi kuliko inavyotakiwa, na zaidi ya yote ngozi iliyoachwa legelege wakati wa kubandua. Ngozi ya mguu imetandazwa juu ya mfupa na msuli, haina pa kwenda. Ya kinena ni nyembamba, ina mikunjo, na humfuata yeyote anayeivuta. Ndiyo maana mkono unaoshika ngozi una kazi kubwa kuliko mkono unaovuta, na sehemu kubwa ya maelezo haya inauhusu mkono huo.

Tunaandika kwa ajili ya mtu mzima anayejifanyia mwenyewe, mwanamke au mwanamume. Na tuseme mapema: nywele hizi si uchafu. Zipo kupunguza msuguano na kuikinga ngozi, wala hakuna sababu ya kiafya inayomlazimu mtu kuzitoa. Ukizitoa ni kwa kupenda. Ukiona haikufai, mkasi wa kupunguzia upo na hauumizi.

Anayepaswa kusubiri

Kama unameza isotretinoini kwa ajili ya chunusi, au uliacha kuimeza ndani ya miezi 6 iliyopita, usiguse nta. Dawa hiyo huifanya ngozi iwe nyembamba na dhaifu, na nta inaweza kuondoka na tabaka la juu. Krimu zenye retinoli au tretinoini, na zile za tindikali za kuchubua, ziache wiki moja kabla kama unazipaka eneo hilo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye kisukari ambaye vidonda vyake vinachelewa kupona, na mwenye kinga dhaifu, amuulize daktari kwanza.

Usifanye ukiwa na malengelenge, chunjua za sehemu za siri, vipele vyenye kitobo katikati, fangasi, jipu, mchubuko au ngozi iliyoungua jua. Baadhi ya hivyo husababishwa na virusi vinavyosambaa ngozini kwa kuguswa. Ukivuta nta juu ya kipele kimoja, unaweza kukuta kumi baada ya wiki chache.

Ujauzito haukatazi nta, ila ngozi huuma zaidi na tumbo huziba macho. Hapo afadhali ufanyiwe na mtaalamu. Kwa wanaopata hedhi, wengi huumia zaidi siku chache kabla yake na siku zake za mwanzo. Wiki inayofuata baada ya hedhi ndiyo nzuri.

Nta ya namna gani

Ziko tatu. Nta laini ni ile inayopakwa nyembamba kisha kubandikwa kitambaa au karatasi. Hiyo hushika nywele na ngozi pia. Kwenye miguu ni sawa, kwenye kinena inachubua. Kama ndiyo uliyonayo, itumie kwenye ukingo wa paja tu, na usipite mara mbili mahali pamoja.

Nta ngumu, ile inayouzwa kwa punje au vipande na haihitaji kitambaa, ndiyo ya kazi hii. Ikipoa husinyaa na kuzibana nywele, huku ikiishika ngozi kidogo tu. Punje za gramu 100 zinatosha kingo za mapaja. Anayetaka kutoa zote aandae gramu 150 hadi 200.

Nta ya sukari hupikwa nyumbani: sukari vikombe 2 (gramu 400 hivi), maji ya limao mililita 60, maji ya kawaida mililita 60. Limao si la harufu. Asidi yake huivunja sukari ili isigande na kurudi kuwa chembechembe. Pika kwa moto mdogo, koroga mwanzoni tu hadi sukari iyeyuke, kisha iache ichemke mpaka ipate rangi ya kaharabu. Mwenye kipimajoto cha jikoni aizime kati ya nyuzi 118 na 120. Asiye nacho adondoshe tone kwenye maji baridi: likiwa donge laini linalofinyangika, imeiva, likiwa gumu kama pipi, imepitiliza na unaweza kuiokoa kwa kijiko cha maji na moto mdogo. Iache ipoe nusu saa au zaidi hadi iwe vuguvugu. Sukari inayochemka inaunguza vibaya kuliko maji kwa sababu ina moto zaidi na hung'ang'ania ngozi, kwa hiyo watoto wasiwe jikoni.

Faida ya sukari ni kwamba inatoka kwa maji. Hasara ni kwamba kuifanyia kazi kwa vidole kunahitaji mazoezi mengi: hupakwa kinyume na nywele zinakolala na kuvutwa kufuata zinakolala, yaani kinyume kabisa na nta ngumu. Mgeni wa kazi hii aijaribu kwanza kwenye mguu. Yanayofuata yote yanahusu nta ngumu.

Urefu wa nywele, na maandalizi

Nywele ziwe na urefu wa milimita 5 hadi 6, kama punje ya mchele. Zikiwa fupi kuliko hapo nta haina cha kushika: inaziruka, au inazikata usawa wa ngozi, na zilizokatwa ndizo zitakazojikunja na kuotea ndani. Zikizidi sentimita 1 zinasokotana na kuvuta ngozi yote, kwa hiyo zipunguze kwa mkasi wenye ncha butu. Aliyenyoa kwa wembe asubiri wiki 2 hadi 3. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi, na ndiko chanzo cha kuambiwa kwamba nta "haifanyi kazi".

Siku moja au mbili kabla, sugua eneo taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ili kuondoa ngozi mfu. Usisugue siku yenyewe. Siku yenyewe oga kwa maji ya vuguvugu, jikaushe kabisa, na usipake losheni. Kahawa nyingi na pombe kabla ya kazi hazisaidii, na pombe hupanua mishipa na kuongeza uwezekano wa kuvuja damu. Mtu mzima asiyezuiwa na daktari anaweza kumeza parasetamoli, miligramu 500 hadi 1,000, dakika 45 kabla. Aspirini usitumie, inachelewesha damu kuganda. Krimu za ganzi zipake kidogo kama maelekezo yake yanaruhusu, au ziache kabisa: ukizipaka eneo kubwa, au ukazifunika kwa plastiki, dawa huingia kwenye damu kwa wingi na inaweza kuvuruga moyo.

Vitu vya kuweka karibu: chombo cha kuyeyushia nta chenye kidhibiti joto, vijiti vya mbao visivyopungua 15, glavu, kioo cha kusimama, taa nzuri, poda isiyo na manukato, mafuta ya kupikia au ya mtoto, kibano, pamba, taulo kuukuu, na kitambaa kilicholowa maji baridi. Tandika taulo juu ya kitu usichokiogopea, maana nta ikidondokea kapeti haitoki.

Vijiti ni vingi kwa sababu kijiti kilichogusa ngozi hakirudi kwenye chombo. Watu hujiambia ni nta yangu na mwili wangu. Ni kweli, lakini nta iliyosalia utaitumia tena mwezi ujao, na joto lake ni dogo mno kuua vijidudu.

Joto

Yeyusha nta yote mpaka isibaki punje, kisha punguza joto na usubiri. Lebo ya nta ina kiwango chake, kifuate. Macho nayo yanatosha: ikitiririka kutoka kwenye kijiti kama mafuta, bado ina moto. Ikidondoka polepole kwa utepe mnene kama asali ya asubuhi ya baridi, na ikiwa na ngozi nyembamba inayoanza kujitunga kando ya chombo, iko tayari. Ikikatika kwa mabonge, imepoa mno.

Kitu chenye nyuzi 60 kinaweza kuiunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde 5 hivi, na nta haipoi haraka kama maji kwa kuwa inabaki imebandika. Kwa hiyo jaribu kila mara kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kila unapoongeza moto, hata kama ulijaribu dakika 10 zilizopita. Uweze kuivumilia kama maji ya kuogea mtoto. Ukiona unasita, ina moto.

Maikrowevu hatuipendi kwa kazi hii. Hupasha moto kwa mabaka, juu vuguvugu na katikati ikichemka, na ukichota unachota bila kujua unachota wapi. Ukilazimika, pasha kwa sekunde 15 au 20 kwa zamu na ukoroge vizuri kila mara.

Kubandika na kubandua

Osha mikono, vaa glavu. Safisha eneo kwa maji na sabuni isiyo na harufu, kausha, paka poda kidogo kunyonya unyevu, kisha ipukute. Halafu matone mawili ya mafuta kwenye kiganja, yapake mpaka ngozi ing'ae kidogo tu. Mafuta huizuia nta isishike ngozi. Yakizidi inashindwa kushika hata nywele.

Kaa juu ya taulo, mgongo ukiegemea ukuta, goti moja likiwa limekunjwa na kuangukia nje, kioo mbele yako. Sasa tazama nywele zinalala wapi. Zichane kwa vidole. Juu ya kinena kwa kawaida huelekea chini na katikati, kwenye kingo za mapaja hushuka kwa mshazari, lakini kila mwili una ramani yake, na mara nyingi kuna mahali ambapo pande mbili hukutana kama kimbunga. Hapo gawanya: kipande kimoja kwa kila upande. Kipande kimoja cha nta juu ya nywele zinazolala pande mbili kitang'oa nusu na kukata nusu.

Anza nje, kwenye ukingo wa paja, uende ndani. Huko nje kunauma kidogo, na utajifunza mkono wako ukiwa bado na subira. Mara ya kwanza kabisa ishia kwenye kingo, hakuna anayekukimbiza.

Chukua mfano wa nywele zinazolala kuelekea chini. Chota nta, zungusha kijiti isidondoke, na uipake kutoka juu kwenda chini, kufuata zinakolala. Kipande kiwe na upana wa sentimita 3 na urefu wa 5 au 6, unene wa milimita 2 hadi 3, na kingo zisiwe nyembamba kuliko katikati. Mwisho wa chini ongeza nta iwe nene, ndicho kipini chako. Ukingo ukiwa kama utando, hautabanduka, utasagika na kubaki ngozini.

Subiri sekunde 20 hadi 40. Gusa kwa ncha ya kidole: nta isinate kwenye glavu, ila ikikunjwa isivunjike. Muda huo ni mfupi, na chumba chenye baridi huufupisha zaidi.

Sasa mkono unaoshika. Uweke chini ya kipini, karibu kabisa, sentimita 1 hivi, kwenye ngozi tupu. Bonyeza, kisha ivute ngozi kwenda chini mpaka uihisi imekaza kama ngoma. Usiiachie tena mpaka nta itoke. Mkono mwingine uinue kipini kidogo, ukishike kwa vidole viwili au vitatu, halafu uvute kwenda juu kwa mkupuo mmoja, nta ikirudi juu yake yenyewe, mkono ukipita karibu na ngozi kana kwamba unaifuta. Mkono ukiinuka kuelekea dari, umekosea: nywele hukatika, ngozi hunyanyuka, na kesho yake kuna alama ya damu iliyovilia. Kosa hili ndilo la wote, kwa sababu mwili ukiogopa maumivu huvuta kutoka kwake badala ya kuvuta sambamba nao.

Usivute taratibu kwa huruma. Na usiishie katikati. Nta ikishatoka, bandika kiganja papo hapo na ubonyeze kwa nguvu sekunde 5 hadi 10. Shinikizo hilo hupunguza maumivu kweli, si kujifariji.

Zikibaki nywele kadhaa, rudia mara moja tu mahali hapo, ngozi ikiwa imetulia. Zitakazobaki tena ni za kibano. Vitone vidogo vya damu kwenye mashimo ya nywele nene si ajabu mara ya kwanza, bonyeza kwa pamba safi.

Sehemu za ndani zaidi, na zisizoguswa

Kwenye mashavu ya nje ya uke nta inawezekana, kwa vipande vya sentimita 2 kwa 3, kimoja kimoja. Hapa ngozi haina chochote chini yake cha kuikaza, hivyo uvutaji wa mkono mmoja hautoshi: kwanza ivute ngozi kwa juu kuelekea tumboni kabla ya kupaka, kisha unapobandua shika upande wa kipini. Wengine hukaza kwa kuegemea nyuma zaidi na kunyoosha mguu ule mmoja. Tafuta mkao unaokupa ngozi iliyokaza, kisha ndipo upake, maana ukianza kutafuta mkao nta ikiwa imeshabandikwa itakugandia.

Nta isivuke pale ambapo ngozi ya kawaida inaisha na utando laini wenye unyevu unaanza. Mashavu ya ndani, kisimi, na mlango wa uke haviguswi kamwe. Hali kadhalika kichwa cha uume. Mfuko wa korodani tunashauri uuache kabisa kwa nta ya nyumbani: ngozi yake ni nyembamba sana, imejikunja, na hakuna mkono wa tatu wa kuikaza. Mkasi au mashine ya kupunguzia inatosha. Eneo la kuzunguka njia ya haja kubwa mtu halioni mwenyewe, na kubandika nta usipopaona ni kujitafutia shida. Hilo ni la mtaalamu au la mashine.

Mabaka meusi yaliyoinuka, makovu mapya na mishipa iliyovimba, yapite pembeni.

Inapokataa

Nta inavunjika vipande: imepoa sana, au umeipaka nyembamba, au umesubiri mno. Usiichokonoe. Weka kiganja juu yake kwa nusu dakika ipate joto, au paka nta mpya yenye joto sahihi juu ya ile ya zamani, ishikane nayo, ubandue zote pamoja.

Nta inanyumbuka kama ubani wa kutafuna na kunata: bado haijashika, au ngozi ina jasho, au umeiweka nene mno. Subiri. Kama chumba kina joto, pepea.

Nta inatoka na nywele zimebaki: mafuta yamezidi, nywele ni fupi, au umepaka kinyume na zinakolala bila kujua. Nta inapaswa kuzifunika nywele zote, hata kwa chini, kwa hiyo ibonyeze kidogo kwa kijiti unapoipaka.

Nta imegoma na umeshikwa na woga, kipande kimebaki mwilini: hakuna haraka. Ilowanishe kwa mafuta, subiri dakika 5, isugue taratibu kuanzia ukingoni. Maji hayafanyi kitu, na ya moto huyeyusha nta na kuisambaza. Usibane miguu wakati unatafakari, mapaja yatagandana na utakuwa na tatizo la pili.

Umeungua: zima chombo, mwagia maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si siagi. Nta iliyobandika usiing'oe, maji yataipoza, na mafuta yataitoa baadaye kama ngozi iliyo chini haina malengelenge. Kuungua sehemu hizi, hata kukiwa kudogo, kunastahili kuonwa na mhudumu wa afya.

Ngozi imechubuka: utaona baka jekundu linalong'aa na kutoa majimaji, lenye kuwasha ukiligusa kwa maji. Safisha kwa maji safi, paka mafuta ya mgando ya kawaida kwa unyembamba, funika kwa shashi isiyogandia, na usimamishe nta kwa siku hiyo. Kwa kawaida hufunga ndani ya wiki moja. Alama nyeusi inaweza kubaki miezi kadhaa kwa wenye ngozi nyeusi, kwa sababu ngozi iliyojeruhiwa hutengeneza rangi zaidi. Ukiitia krimu kali za kung'arisha unaiongezea jeraha na weusi.

Saa 48 zinazofuata

Ondoa mabaki ya nta kwa mafuta, futa, kisha kitambaa cha baridi kwa dakika 10. Jeli ya mshubiri isiyo na pombe wala manukato inafaa, vinginevyo usipake kitu. Spiriti, limao na deodoranti zisikaribie: matundu yaliyong'olewa nywele yako wazi.

Kwa siku mbili vaa chupi ya pamba isiyobana. Acha kuogelea, kuoga maji ya moto sana, mazoezi ya kutoa jasho jingi na kujamiiana. Katika muda huo ngozi ina michubuko midogo isiyoonekana, na kondomu haifuniki eneo lote la kinena, kwa hiyo maambukizi ya kugusana ngozi hupata njia rahisi. Kama una safari au sherehe, fanya siku 3 kabla, usifanye usiku wa kuamkia.

Wekundu na vipele vidogo vya siku moja au mbili ni kawaida. Vikiwa na usaha, eneo likawa la moto na wekundu ukawa unatambaa, homa ikaja au tezi za nyonga zikavimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nywele zinazootea ndani

Mwenye nywele za kipilipili ajiandae zaidi, kwa sababu unywele uliojipinda ukianza kuota upya hujitoboa tena kwenye ngozi kabla haujafika nje. Kuanzia siku ya 3, sugua kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu, mara 2 au 3 kwa wiki, kwa mzunguko, bila nguvu. Losheni yenye asidi ya salisiliki ya asilimia 2 husaidia kuyafungua matundu, kwenye ngozi ya nje pekee, baada ya kuwasha kuisha.

Ukiona kipele chenye unywele uliojikunja ndani, weka kitambaa chenye maji ya moto ya kuvumilika kwa dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya siku chache kitanzi cha unywele huja karibu. Choma sindano kwa moto kisha iache ipoe, au ifute kwa spiriti, ipenyeze chini ya kitanzi na ukiinue tu, ncha itoke nje. Usiung'oe. Ukiung'oa mpya utaota kwenye njia ile ile iliyofungwa. Kama hakuna kitanzi kinachoonekana, hakuna cha kutoboa, na kukamua kunageuza kipele kuwa jipu.

Baada ya wiki moja au mbili utaona nywele mpya zinachomoza na utadhani kazi haikufaa. Hizo zilikuwa chini ya ngozi siku ile, fupi mno kushikwa, kwa sababu nywele haziko hatua moja ya ukuaji kwa wakati mmoja. Ziache. Ukizipitia kwa wembe unarudi mwanzo na wiki 3 nyingine za kusubiri. Rudia nta kila baada ya wiki 4 hadi 6, na kufikia mara ya tatu au ya nne nyingi zitakuwa zinaota kwa pamoja, na ncha zake zitakuwa nyembamba zisizochoma, tofauti na zilizokatwa kwa wembe. Nta iliyobaki chomboni ifunike isiingie vumbi. Ikiwa imechanganyika na nywele au kijiti kilichotumika kilirudi humo, itupe, na usiimwage kwenye sinki hata ikiwa ya moto, itaganda ndani ya bomba.